Kilwa, Nyota, na Wajenzi Walionyang'anywa Jina

Hivi karibuni mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Lindi, alinionyesha video kwenye simu. Msimulizi alidai kuwa magofu ya Kilwa Kisiwani yana ujumbe wa siri wa nyota, ulioachwa na viumbe kutoka sayari nyingine. "Mwalimu, mbona hamtufundishi haya?" aliniuliza. Swali hilo linastahili jibu.

Kuta za Kilwa zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, mali ya pwani hiyohiyo. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na kumkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman akitawala. Katika magofu ya kasri la Husuni Kubwa lilipatikana jiwe lililochongwa jina la sultani huyo. Jina hilo limo pia katika sarafu za Kilwa, na mojawapo ilifukuliwa mbali bara, Great Zimbabwe. Kwa hiyo hatuna haja ya kumtafuta mwenye kasri angani.

Nyota nazo zilikuwa na ujumbe, ila haukuwa siri. Kilwa ipo takriban nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Nahodha aliyeshuka na kaskazi kutoka Arabuni aliiona Nyota ya Kaskazini ikiinama siku hadi siku, mwisho ikatoweka. Akalazimika kuzijua nyota nyingine, akipima kimo chake kwa kibao chenye uzi wa mafundo. Katika karne ya 15, Ahmad ibn Majid alitunga shairi refu juu ya njia ya bahari hadi Sofala. Mkulima naye aliitazama Kilimia kujua majira, na jina lenyewe linatokana na kulima. Hii ilikuwa elimu, na ilifundishwa.

Madai ya video ile yana historia. Wakoloni walidai Great Zimbabwe ilijengwa na Wafoinike. Mwaka 1968 Erich von Däniken alieneza hoja kwamba wageni wa angani walihusika na majengo ya kale duniani. Mjenzi hubadilishwa, lakini Mwafrika hubaki nje ya hesabu. Sikatai kwamba wageni kutoka ng'ambo walifika Kilwa, wakafanya biashara na kuoa. Ninachokataa ni kuwafuta wenyeji.

UNESCO iliyaorodhesha magofu hayo kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981, na bado mawimbi yanakula kingo za kisiwa. Kijana anayeaminishwa kuwa babu zake hawakujenga, kwa nini adai bajeti ya kuyahifadhi?