Mfongo na Mita

Sisi watu wa Kilimanjaro tulikuwa na mamlaka ya maji kabla ya kuwapo ofisi yoyote ya maji. Wageni wa Kizungu waliofika hapa karne ya 19 walikuta mifereji, ambayo Wachagga tunaiita mifongo, ikitoa maji kwenye makorongo ya mito na kuyapitisha ubavuni mwa mlima hadi vihambani. Ilikuwa kazi ya ujuzi. Mteremko ukizidi, maji hubomoa kingo. Ukipungua, hutuama na kujaa tope. Usiku maji yalikusanywa katika nduwa, asubuhi yakafunguliwa kwa zamu.

Ukoo uliochimba mfongo ndio uliokuwa na kauli ya kwanza. Mzee wa mfongo alipoita watu kuzibua, walitoka na majembe. Asiyefika alitozwa faini au alikosa zamu yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wazee wetu waliinama kweli kweli. Kwa hiyo anayesema kwamba zamani maji yalikuwa ya bure hasemi kweli. Yalilipiwa kwa jasho.

Mji wa Moshi ulikuwa na habari nyingine. Reli ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911, walihamia watu wa kila kabila, wasio na ukoo mmoja wala mfongo. Hawa walihitaji bomba, na bomba lilihitaji chemchemi kama zile za Nsere na Shiri, zilizo nje ya mji.

Mwaka 1971, nikiwa kijana wa chuo cha ualimu, Serikali ilitangaza mpango wa miaka 20: ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani. Nia ilikuwa njema, nasi tuliifundisha darasani kwa fahari. Lakini bomba lilikuwa la Serikali, na likipasuka kila mtu alingoja Serikali. Katika shule moja niliyoongoza, bomba lilikauka mihula miwili. Wanafunzi walirudi kuchota mfongoni, kwa sababu mfongo ulikuwa na wenyewe.

Lengo la 1991 halikufikiwa. Mwaka 1998 Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Moshi, MUWSA, ilianza kujitegemea. Kazi yake ni mbili: kuleta maji safi na kuondoa majitaka, ambayo huishia kwenye mabwawa ya Mabogini. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikakaza kwamba mtumiaji achangie gharama. Huko vijijini, sheria ya mwaka 2019 ilianzisha RUWASA, na vyombo vya watumia maji vikapewa mahali pake.

Wazee wengi huuliza: maji yachimbuke kwetu, halafu tuletewe ankara? Swali hilo si la kubezwa. Jibu langu ni kwamba ankara imechukua nafasi ya jembe. Hata hivyo, mzee wa mfongo alikuwa na wajibu wake pia: alijulikana kwa uso, aliulizwa hadharani, na zamu yake haikupita ya mjane. Mamlaka inayotoza bila kutoa hesabu itapata wateja, lakini haitapata watu wa kulinda chemchemi. Na miti ya chemchemi ikikatwa huku juu, mita za mjini zitahesabu hewa.