Mahari Ni Haki ya Mke: Tofauti Baina ya Mahari ya Kisharia na Mali ya Kimila

SWALI:

Kijana wetu wa Unguja amemposa binti wa Zirai, katika milima ya Usambara. Wazee wa binti wametaka ng'ombe, mbuzi na fedha, na vyote wameviita mahari. Binti mwenyewe hakutajiwa kitu. Je, hiyo ni mahari? Na ndoa itasihi?

JIBU:

Sifa zote njema Anastahiki Allaah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake.

Ndugu muulizaji, neno ni moja lakini mambo ni mawili. Iko mahari ya kisharia, ambayo ni mali ya mke. Na iko mali ya kimila, ambayo hupokewa na wazee wake.

Maana ya mahari katika sharia

Katika Suratun-Nisaa (4:4) Allaah Ameamrisha wanawake wapewe mahari yao yawe ni hidaya, kwa moyo safi. Wafasiri wametaja kwamba zama za Ujahiliya walii alikuwa akimuozesha binti yake kisha akaichukua mahari yeye. Aya ikalikata jambo hilo.

Madhehebu ya Shaafi'iy hayakuweka kiwango cha chini cha mahari. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimwambia mtu atafute japo pete ya chuma, na alipoikosa akamuozesha kwa Qur-aan aliyoihifadhi. 'Aliy (Radhiya Allaahu 'anhu) alimpa Faatwimah deraya yake.

Desturi ya Usambara

Kwa Wasambaa wa zamani, kama kwa makabila mengi ya bara, mifugo ilikusanywa na ukoo wa mume na ikagawanywa kwa ukoo wa mke. Iliunganisha koo mbili, na kwayo watoto walihesabiwa kuwa wa ukoo wa baba. Desturi hiyo ilikuwepo kabla ya Uislamu kuenea milimani, jambo lililoshika kasi katika karne ya 19 kupitia biashara ya Pangani, zama za Kimweri ye Nyumbai aliyefariki mwaka 1862. Dini ilipoingia ikaleta neno mahari, na mahali pengi neno hilo likavishwa desturi iliyokuwepo.

Nasi wa visiwani tusijione tumesalimika. Tuna kilemba cha baba na mkaja wa mama, na wako wazazi wanaoipokea mahari ya binti wakaitumia kwa shughuli ya harusi bila ya kumuuliza mwenyewe.

Hukumu

Ndoa inasihi, kwani mahari si nguzo ya akdi. Lakini haki ya binti haianguki. Imaam An-Nawawiy katika Minhaaj ametaja kwamba mtu akioa kwa elfu, kwa sharti kuwa baba naye apewe elfu, mahari hiyo iliyotajwa inafisidika, na mke anastahiki mahari ya mfano, yaani ya wanawake walio mfano wake upande wa baba yake. Basi mifugo ya wazee isifanywe sharti ndani ya mahari. Mume akitaka kuwakirimu wakwe zake kwa hiari yake, hiyo ni zawadi, na inapendeza.

Kwa nini jambo hili ni zito

Mume akifariki hajalipa mahari, ni deni linalotolewa katika mali yake kabla ya kurithiwa. Akimuacha mke kabla ya kumuingilia, mke anapata nusu ya mahari iliyotajwa (2:237). Akimuacha baada ya hapo, yote ni yake. Mke akitaka khuluu, hujikomboa kwa mali yake. Sasa ikiwa mali yote iliingia katika mazizi ya wajomba na ami zake, atajikomboa kwa nini? Wapo wanawake wanaovumilia dhulma kwa sababu wazee wao hawawezi kurejesha ng'ombe. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba kudai mali hiyo irejeshwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inasema ndoa haibatiliki kwa kukosekana mahari ya kimila.

Nasaha

1. Muulizeni binti mwenyewe, kupitia walii wake, anataka mahari gani.
2. Itajwe katika akdi kwa jina lake na iandikwe katika cheti: iliyolipwa na iliyobaki.
3. Akabidhiwe yeye mkononi. Akipenda kumpa baba yake sehemu, ni hiari yake.
4. Zungumzeni na wazee wa Zirai kwa adabu. Msiwaambie mila yao ni haramu. Waambieni zawadi yao ibaki zawadi, na haki ya binti ibaki kwa binti.

Na Allaah Anajua zaidi.