Habari ya Jina la Mkwajuni

Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, ni jina jepesi kusomwa: ni mahali penye mkwaju. Lakini jina jepesi laweza kuficha mambo, nasi twapenda kuwafunulia wasomaji wetu machache.

Kwanza, mti wenyewe. Waarabu waliliita tunda lake tamr hindi, yaani tende ya Kihindi. Wazungu wakalipokea neno hilo, na mwaka 1753 Linnaeus akauandika mti Tamarindus indica. Jina hilo lapotosha mara mbili. Mkwaju si jamaa ya mtende, bali ni wa jamaa ya kunde. Wala asili yake si Bara Hindi, bali Afrika hii yetu, ndiko ulikotoka kwenda ng'ambo. Basi mwana wa nyumbani amepewa jina la mgeni. Kiswahili hakina kosa hilo: mti ni mkwaju, tunda ni ukwaju.

Pili, tutazame mwisho wa neno. Lugha za nyanda hizi, kama Kinyiha na Kinyakyusa, huonyesha mahali kwa silabi iliyotangulia jina: pa, ku, au mu. Kiswahili huweka -ni mwishoni. Kwa hiyo jina hili, jinsi lilivyo leo, limeundwa kwa Kiswahili, lugha iliyokuzwa huku na misafara, na shule, na watu wa makabila mengi waliofuata dhahabu ya Lupa tangu miaka ya 1920.

Tena Mkwajuni si moja. Iko Unguja upande wa kaskazini, iko na Kinondoni, Dar es Salaam. Katika mji huo huo Mikocheni yaitwa kwa mikoche, nayo ni miti ya jamaa ya mnazi. Lakini mtoto aweza kukulia pale asijue mkoche ni mti gani.

Hapo ndipo ilipo kazi yetu walimu na wachungaji. Mti ukikatwa, jina la Kiswahili husalia katika vitabu vya serikali. Mzee akifa, jina la kwanza la mahali hufa naye. Yatupasa kuwauliza wazee wa kila kijiji: mti huu mwauitaje kwa lugha ya nyumbani, na mahali hapa paliitwaje zamani? Majibu yaandikwe katika daftari la shule, pamoja na jina la lugha na mwaka, ili watoto wayakute.