Jinsi ya kutengeneza kava la ndani la mlango wa buti ukiwa nyumbani

Ukifungua buti la magari mengi madogo yaliyotumika kutoka Japani, upande wa ndani wa mlango wake ni bati tupu. Nyaya zinaonekana, matundu yako wazi na kingo za bati ni kali. Buti likijaa, mzigo unaweza kunasa waya wa taa na kuuchomoa, au begi likachanika.

Matoleo ya bei ya juu huja na kava, ya bei nafuu mara nyingi hayana. Habari njema ni kwamba kiwanda hutumia bati lilelile kwa matoleo tofauti, kwa hiyo matundu ya klipsi mara nyingi tayari yapo.

Vifaa

- Boksi kubwa la kutengenezea pateni
- Ubao mwepesi: plastiki yenye mifereji ndani, ile ya mabango ya matangazo, au hadibodi ya milimita 3
- Kapeti nyembamba ya gari
- Gundi ya mpira
- Klipsi za plastiki kutoka duka la spea
- Kisu cha kukatia, mkasi, futi na drili

Plastiki ni bora kuliko hadibodi kwa sababu haivimbi ikipata maji. Kabla ya kununua klipsi, pima tundu. Nyingi hukaa kwenye tundu la milimita 6 hadi 10, na isiyolingana italegea au haitaingia kabisa.

1. Tengeneza pateni

Kata boksi kwa umbo la mlango. Paka chaki iliyoloweshwa au rangi ya mdomo kwenye kingo za matundu, kisha bonyeza boksi hapo. Alama zitahamia zenyewe, hakuna haja ya kukisia.

Toa nafasi ya loki, bawaba na taa. Pateni isifike kwenye sehemu inayokutana na mpira wa buti. Acha kama sentimita 2. Mpira usipobana vizuri, mvua na vumbi vitaingia.

Ishikize pateni kwa gundi ya karatasi, halafu funga mlango taratibu. Ikigusa popote, punguza kabla ya kugusa ubao.

2. Kata ubao na ubandike kapeti

Hamishia pateni kwenye ubao, kata, kisha toboa matundu ya klipsi. Yafanye makubwa kidogo kuliko shina la klipsi ili kava liweze kusogea wakati wa kufunga.

Kata kapeti ikizidi ubao kwa sentimita 4 kila upande. Paka gundi ubaoni na nyuma ya kapeti, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka isinate sana kidoleni, ndipo ubandike kuanzia katikati kwenda pembeni. Kunja ziada kwa nyuma na ukate kidogo kwenye kona ili isijikunje.

Mvuke wa gundi hii hushika moto kirahisi. Kazi ifanyike nje, mbali na jiko na sigara.

3. Funga kwenye mlango

Safisha bati na urudishe nyaya kwenye vishikio vyake. Anza na klipsi za katikati, malizia za pembeni. Tundu likikosekana, usipige skrubu kwenye bati: ikiwa ndefu itatokeza upande wa nje na kuharibu rangi, na kutu itaanzia hapo. Tumia vipande vya velkro.

Mambo manne ya kutopuuza

*Uzito.* Mlango wa buti hushikiliwa na springi au shokapu zilizopimwa kwa uzito wake wa awali. Kava zito, hasa la plaiwudi nene, linaweza kuufanya uanguke wenyewe kichwani kwa mtu aliyeinama akitoa mzigo. Ukimaliza, fungua mlango, uache dakika kadhaa uone kama unabaki juu.

*Matundu ya maji.* Chini ya mlango kuna matundu madogo ya kutolea maji. Yakizibwa, maji yanabaki ndani na bati linaoza taratibu bila mtu kujua.

*Taa.* Balbu za pleti namba na za breki hupata joto. Kapeti isizigusane nazo, na iachwe nafasi ya kubadilishia balbu bila kubomoa kava zima.

*Kishikio cha dharura.* Magari yenye buti yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani tangu Septemba 2001 yana kishikio ndani ya buti, mara nyingi kinachong'aa gizani, cha kumwezesha mtu aliyefungiwa humo kujifungulia. Kisifunikwe kamwe. Mtoto akijifungia kwenye buti juani, joto hupanda haraka sana, na kishikio hicho ndicho kinachoweza kumtoa. Magari mengi ya soko la Japani hayana kabisa, kwa hiyo funguo ziwekwe mbali na watoto.

Mwisho, jaribu

Funga na ufungue mlango mara kumi hivi. Washa taa, kanyaga breki huku mtu mwingine akiangalia nyuma, halafu jaribu loki kwa funguo na kwa wenzo wa ndani. Baada ya wiki moja ya kutembea barabarani, kagua tena klipsi. Iliyolegea ibadilishwe mapema, kwa sababu kona moja ikining'inia huvuta na nyingine.