Mchungaji Aliyeshika Gongo: David Sheppard na Dhamiri ya Mkristo Kazini

Vijana wa kipaimara hupenda kutuuliza kama Mungu ana habari na mpira. Mara nyingi sisi wachungaji tumewapa jibu jepesi: mpira ni mambo ya mwili, ibada ni mambo ya roho. Tulipokuwa chuo cha theolojia wapo wenzetu walioficha viatu vyao vya mpira chini ya kitanda, wakidhani mtumishi wa Mungu hapaswi kuonekana uwanjani. Maisha ya David Sheppard, mchezaji wa kriketi aliyekuja kuwa askofu wa Kanisa la Anglikana la Uingereza, yametufanya tulifikirie upya jibu hilo.

Kriketi si mchezo wa wengi wetu. Baadhi ya washarika wa Dar es Salaam wamewaona watu wakiucheza katika viwanja vya Gymkhana: mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, mwingine anasimama mbele ya vijiti vitatu akiwa na gongo bapa, anaupiga na kukimbia ili apate mikimbio. Uingereza kila kaunti kubwa ina timu yake, na mechi moja huchukua siku kadhaa. Wachezaji bora wa kaunti huteuliwa kuliwakilisha taifa katika mechi zinazoitwa Test.

Sheppard alizaliwa mwaka 1929, akaanza kuichezea kaunti ya Sussex mwaka 1947. Akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliyakabidhi maisha yake kwa Kristo. Mwaka 1950 aliitwa timu ya taifa, na mwaka 1952 wastani wake wa mikimbio uliwapita wapigaji wote wa Uingereza. Mwaka uliofuata, yeye akiwa nahodha, Sussex ilishika nafasi ya pili katika ligi ya kaunti. Mwaka 1954 nahodha wa taifa, Len Hutton, aliugua, na Sheppard akaiongoza Uingereza katika mechi mbili dhidi ya Pakistan. Alikuwa na miaka 25, tena mwanafunzi wa uchungaji.

Wengi wangeahirisha uchungaji hadi mwili uchoke. Yeye alibarikiwa mwaka 1955 na kupangiwa usharika wa St Mary's, Islington, London. Kriketi akaibakizia nafasi ndogo ya likizo. Hata hivyo mwaka 1956 aliitwa tena kucheza na Australia mjini Manchester, akapata mikimbio 113. Alikuwa mchungaji wa kwanza kucheza mechi ya Test.

Baada ya hapo alihudumu kwa zaidi ya miaka kumi katika kituo cha Mayflower, Canning Town, mtaa wa makuli na wafanyakazi wa bandari mashariki mwa London. Ili tuone uzito wa hatua hiyo, tukumbuke kwamba kriketi ya Uingereza wakati huo iliwagawa wachezaji katika makundi mawili. Kulikuwa na waungwana, waliocheza bila mshahara kwa kuwa familia zao zilijiweza, na kulikuwa na waliolipwa. Katika viwanja vingi kila kundi lilikuwa na chumba chake cha kubadilishia nguo, hata mlango wake wa kuingilia uwanjani. Ubaguzi huo ulifutwa mwishoni mwa mwaka 1962. Sheppard alikuwa amelelewa upande wa waungwana. Canning Town alikaa na watu ambao maisha yao yote walipitia mlango ule mwingine.

Jaribu kubwa zaidi lilikuja mwaka 1960. Timu ya Afrika Kusini, ya weupe watupu, ilikuwa inakuja Uingereza. Nchini kwao mtu mweusi hakuruhusiwa kuwania nafasi katika timu hiyo, hata awe hodari kiasi gani. Sheppard alitangaza kwamba hatacheza nayo. Wapo waliomlaumu kwa kuchanganya michezo na siasa. Yeye aliona kwamba siasa ilikwisha kuingia uwanjani siku ile rangi ya ngozi ilipofanywa kigezo cha kuchagua wachezaji.

Alirudi kuichezea Uingereza katika ziara ya Australia ya 1962 hadi 1963. Mjini Melbourne alitolewa bila mkimbio hata mmoja, kisha katika zamu ya pili akapata 113 na timu yake ikashinda. Katika ziara hiyo alidondosha mipira kadhaa ambayo angeweza kuidaka, na wenzake wakamtania kwamba mchungaji anapaswa kujua kukutanisha mikono. Mtumishi wa Mungu naye hukosea mbele za watu, na kesho yake hurudi kazini.

Mwaka 1968 jambo la Afrika Kusini lilirudi. Basil D'Oliveira, mzaliwa wa Cape Town aliyezuiwa kwao kwa sababu ya rangi yake, alikuwa sasa anaichezea Uingereza. Alipata mikimbio 158 dhidi ya Australia, lakini hakuchaguliwa kwa ziara ya Afrika Kusini. Mwenzake alipoumia ndipo jina lake lilipoingizwa, na Waziri Mkuu Vorster akaikataa timu hiyo. Desemba mwaka huo Sheppard alisimama mbele ya wanachama wa klabu ya MCC, wasimamizi wa kriketi, miongoni mwao rafiki zake wa zamani, akawaeleza kwamba jambo hilo lilikuwa limeendeshwa vibaya. Kura zilipohesabiwa alishindwa. Hakunyamaza. Mwaka 1970 ziara ya Afrika Kusini nchini Uingereza ilifutwa, na nchi hiyo haikucheza Test tena hadi mwaka 1992.

Sisi Walutheri tuna sababu ya kuikumbuka habari hii. Mwaka 1977, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilikutana Dar es Salaam, likamchagua Askofu Josiah Kibira kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza. Mkutano huo ulitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa kusini mwa Afrika ni suala la ungamo la imani. Hayo ambayo Sheppard aliyatambua uwanjani, makanisa yetu yaliyakiri kwa pamoja katika ardhi yetu.

Sheppard alikuwa Askofu wa Liverpool kuanzia 1975 hadi 1997. Mji huo ulikuwa umegawanyika kwa muda mrefu kati ya Waprotestanti na Wakatoliki, naye akafanya kazi bega kwa bega na Askofu Mkuu Mkatoliki, Derek Worlock. Alifariki mwaka 2005.

Luther alifundisha kwamba kazi halali ya kila mwamini ni wito. Basi mshona viatu, karani, mwenye duka na mcheza mpira wote wana madhabahu pale wanapofanyia kazi, na pale pale dhamiri yao hupimwa. Nasi tujiulize: katika sharika zetu, mchangiaji mkubwa na mama muuza mchicha wanapokewa kwa heshima ile ile? Kijana akituuliza tena kama Mungu ana habari na mpira, tumjibu kwamba anayo, na kwamba anatazama pia ni nani aliyefungiwa nje ya uwanja.