Chembe isiyookoteka

Chembe, kwa mazoea yetu, ni kitu cha kuokota: chembe ya mchele, chembe ya mchanga. Hata tukisema fulani hana chembe ya huruma, tunaifanya huruma kitu cha kushikika. Fizikia imelitwisha neno hili mzigo mpya. Mwaka 1929 Hermann Weyl, mwanahisabati Mjerumani, alionyesha kwamba mlinganyo wa mwanafizikia Dirac, unaoeleza mwendo wa elektroni, unaruhusu chembe isiyo na tungamo. Haikuonekana hadi 2015, watafiti wa Princeton na wa Beijing walipoibaini ndani ya fuwele za tantalamu na aseniki. Lakini ivunje fuwele hiyo uitafute chembe yenyewe, huipati. Chembe ya Weyl ni mwendo wa pamoja wa elektroni nyingi, kama wimbi la mashabiki linalozunguka uwanja ilhali kila mtu yuko kwenye kiti chake. Katika grafini nako, yaani tabaka jembamba la kaboni, elektroni hutii mlinganyo wa aina hiyo, ingawa kasi yake ni takriban 1/300 tu ya kasi ya mwanga. Kuziita chembe za namna hii bandia, naona, ni kuzionea: zina chaji, zina kasi, zinapimika.