Ntambo na Ngolo: Kijiji cha Wakulima katika Milima ya Mbinga

Nchi iliyo kati ya Songea na Ziwa Nyasa huinuka kwa ghafula. Maji ya ziwa yako kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Umatengo hukaribia mita 2,000. Atokaye ufukoni, kwenye joto, mihogo na samaki, huifikia nchi ya baridi, ya kahawa na maharage, asivuke mpaka wa mkoa. Matiri ni mojawapo ya kata za Wilaya ya Mbinga katika nchi hiyo, na jina lake halisikiki sana nje ya Mkoa wa Ruvuma. Vijiji vya huku havina magofu kama Kilwa wala kumbukumbu za masultani, na pengine ndiyo sababu waandishi wa historia wamevipita upesi. Hata hivyo historia vinayo, na sehemu yake kubwa imo katika maneno mawili ya Kimatengo, ntambo na ngolo, ambayo Kiswahili hakina neno moja la kuyafasiri.

Ntambo ni mgongo wa mlima ulio kati ya vijito viwili. Lakini si mlima tu. Ni mlima pamoja na watu wake: jamaa ya ukoo mmoja waliopewa kuutumia, na mzee wao aliyegawa sehemu kwa wana na wajukuu. Juu palibaki msitu na majani. Chini yake mashamba. Nyumba zikajengwa mahali penye mtelemko mpole, karibu na maji. Na bondeni zikalimwa mboga wakati wa kiangazi. Kila ntambo ilikuwa hivi na kuni zake, maji yake na chakula chake. Anayetafsiri ntambo kuwa “kilima” amewaacha watu nje, na anayeiita “ukoo” ameusahau mlima.

Watu walikaa milimani kwa wingi kwa sababu inayojulikana. Baada ya Zwangendaba kufa huko Ufipa, yapata mwaka 1848, Wangoni waligawanyika, na baadhi ya makundi yao yakaja kukaa Songea. Vita vyao na majirani, na baadaye vita vya wao kwa wao, viliwalazimisha Wamatengo kujibana katika mitelemko na mapango ya sehemu za Litembo. Nafasi ikawa ndogo na midomo mingi. Wako wanaosema kwamba ngolo ilibuniwa wakati huo kwa shida hiyo. Kwamba shida iliieneza ni jambo la kuaminika. Lakini ufundi wenye majira na vipimo vya namna hii haubuniwi kwa mwaka mmoja wa kukimbia vita, na ni afadhali kudhani kwamba wakimbizi walikuja na mbegu ya ujuzi huo.

Kazi yenyewe ni hii. Mvua za huku huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Yapata Machi, mvua zikielekea ukingoni, wanaume hufyeka majani na kuyaacha yakauke kidogo. Kisha huyalaza kwa mistari inayokatana, shamba lote likawa kama wavu uliotandazwa juu ya mtelemko. Wanawake huingia na majembe. Huchimba katikati ya kila jicho la wavu na kuutupa udongo juu ya majani pande zote nne, hata kila jicho likawa shimo, na kila mstari tuta. Maharage hupandwa juu ya matuta hayo mara moja. Yakisha kuvunwa, shamba hungoja mvua mpya ili lipandwe mahindi. Nayo mahindi yakitoka, magugu huachiwa nafasi, kwa kuwa ndiyo majani ya kulazwa mara nyingine. Mzunguko huchukua miaka miwili. Mvua kubwa ikinyesha, maji hayatelemki kwa nguvu: kila shimo hushika sehemu yake, udongo ukatuama humo, na majani yaliyozikwa yakaoza na kuwa mbolea. Mtu aliyesimama mlima wa pili huona mamia ya mashimo kama sega la nyuki.

Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika habari za kilimo hiki katika jarida la Tanganyika Notes and Records, akikitaja kuwa njia ya kuhifadhi udongo. Yafaa kukumbuka wakati wenyewe. Maofisa wa kilimo wa siku zile walizoea kusema kwamba mkulima Mwafrika anaiharibu ardhi na hana budi kufundishwa. Miaka 17 baadaye, mwaka 1955, Waluguru walifanya ghasia kupinga amri ya kuchimba matuta ya ngazi milimani kwao. Umatengo haukuhitaji amri ya namna hiyo.

Kahawa iliingia katika miaka ya 1920, na chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kikaundwa mwaka 1936. Fedha ikaja, pamoja na mabati na ada za shule, lakini kahawa ilitaka mikono ya wanaume na ardhi nzuri iliyo karibu na nyumba. Ngolo ikazidi kuwa mzigo wa wanawake. Tena mti wa kahawa hudumu miaka mingi na una mwenyewe. Ukishapandwa, mzee wa ukoo hawezi kuigawa upya sehemu ile kwa urahisi. Ndivyo sengu nayo ilivyodhoofika, yaani desturi ya jamaa ya ntambo kula pamoja, kuzungumza shauri, kuamua ugomvi na kuwafunza vijana.

Hapa mfano wa mbali wafaa. Katika kijiji cha Törbel, katika milima ya Valais nchini Uswisi, wakulima waliandikiana mkataba wa malisho yao ya pamoja mwaka 1483. Na mwaka 1517 wakaweka sheria kwamba mtu asipeleke mlimani ng’ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Sheria ya ntambo haikuwa dhaifu kuliko hiyo. Tofauti ni kwamba yao iliandikwa, na serikali zilizofuata zikaikuta katika karatasi. Ya Wamatengo ilikaa katika vinywa vya wazee waliokula sengu. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ilipokuja, kijiji kiliandikishwa kikiwa na ntambo nyingi ndani yake, na mamlaka ya ardhi yakawekwa mikononi mwa halmashauri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki za kimila, lakini neno ntambo halimo.

Maneno yenyewe hayakupotea. Mtawa Mbenediktini Johannes Häfliger alichapisha kamusi ya Kimatengo mwaka 1909, na Nobuko Yoneda wa Japani akatoa msamiati wa lugha hiyo mwaka 2006. Kati ya mwaka 1999 na 2004 Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na wataalamu wa Japani, kilifanya kazi Mbinga. Na wanakijiji wa Kindimba walipounda kamati ya kusimamia miradi yao, waliiita Sengu.